Nyaraka za mpakani: Kuzichapisha hakutoshi, lazima zitafutike

Kila mwaka, mwezi Juni unapoisha, Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoka Arusha likiwa na orodha ndefu ya viwango vya ushuru vitakavyoanza kutumika Julai 1. Humo kila nchi mwanachama huonyesha bidhaa ambazo haitatoza kiwango cha pamoja cha Jumuiya, bali kiwango chake yenyewe, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja. Siku chache baadaye ofisa wa forodha wa Malaba, Namanga au Rusumo anakuwa na mamlaka ya kutoza kiwango hicho. Mfanyabiashara naye anahesabiwa kuwa amekwisha kujua.

Kisheria hakuna ubaya. Waraka umechapishwa, umewekwa kwenye tovuti, na kutojua sheria si utetezi. Lakini kati ya waraka kuwepo na waraka kupatikana kuna pengo kubwa, na pengo hilo lina bei. Analipa mwenye mzigo: kwa siku za kusubiri, kwa faini, kwa nyanya zinazooza kwenye tenga, au kwa wakala anayetoza ada ili amwambie jambo ambalo tayari ni mali ya umma.

Mchele unatosha kuonyesha ukubwa wa pengo hilo. Katika kitabu cha ushuru wa pamoja, mchele unaotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 au dola 345 za Marekani kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Anayesoma kitabu hicho peke yake ataamini kuwa amepata jibu. Lakini kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiomba na kuruhusiwa kutumia kiwango chake cha asilimia 35 au dola 200 kwa tani, na ruhusa hiyo haimo kitabuni bali katika Gazeti la Jumuiya. Na mchele uliolimwa Mbeya au Shinyanga, ukiwa na cheti cha uasili, hautozwi ushuru huo hata senti moja unapovuka kwenda Kenya au Uganda. Bidhaa moja ina majibu matatu yaliyo katika nyaraka tatu, na kila jibu ni sahihi kwa mtu fulani. Anayepata waraka mmoja tu anaweza kulipa asichodaiwa, au kupanga bei ambayo mpaka utaivunja.

Ndiyo maana suala linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, yaani namna ya kuweka utafutaji wa maandishi ndani ya hifadhi ya nyaraka, limekuwa suala la biashara.

Wajibu wa kuchapisha, bila wajibu wa kutafutika

Serikali za eneo hili hazijakaa kimya. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 22, 2017, unazitaka nchi wanachama wa shirika hilo kuchapisha taratibu za kuingiza na kutoa bidhaa, viwango vya ushuru, ada, kanuni za uasili, makatazo, adhabu na njia za kukata rufaa. Unataka pia sehemu ya taarifa hizo ziwe kwenye intaneti, na kuwe na ofisi ya kujibu maswali. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimefungua tovuti za taarifa za biashara zinazoeleza hatua kwa hatua namna ya kupata kibali fulani.

Tovuti hizo zimesaidia, hasa kwa bidhaa zinazouzwa sana. Lakini zinaonyesha kile ambacho mtu fulani alikwisha kukiandalia ukurasa. Bidhaa ambayo haikuandaliwa, au tangazo lililotolewa jana jioni, humo halimo. Linabaki katika rundo: magazeti ya serikali, barua za mamlaka za kilimo, miongozo ya shirika la viwango, hukumu za mahakama, kanuni za mapato. Nyaraka hizo zipo kwa maelfu, na tovuti nyingi za ofisi za umma huzipanga kwa mwaka au kwa jina la faili. Anayetafuta habari za choroko anatakiwa kwanza ajue kuwa zimo katika tangazo la mwaka gani na lenye namba gani. Kwa maneno mengine, anatakiwa awe na jibu ndipo aruhusiwe kuuliza.

Daftari la pili

Mwenye duka anaifahamu shida hii bila kufundishwa. Daftari la madeni huandikwa kwa tarehe: Jumatatu fulani kachukua sukari, Jumanne fulani kachukua unga. Akitaka kujua mteja mmoja anadaiwa nini kwa jumla, lazima afunue kurasa zote. Mwenye akili ya biashara huweka daftari la pili, lenye majina ya wateja, na mbele ya kila jina namba za kurasa za daftari la kwanza. Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa nyaraka za leo, hata lenye daftari moja linaweza kuisha bila habari.

Daftari la pili ndilo wataalamu wanaloliita faharasa. Hifadhidata ya nyaraka huweka kila waraka kama kifurushi kimoja chenye maandishi yake na maelezo yake: tarehe, ofisi iliyoutoa, aina yake. Ukiuliza kwa tarehe au kwa namba, hujibu mara moja. Ukiuliza kwa neno lililo katikati ya ukurasa wa kumi na nne, bila faharasa italazimika kusoma kila waraka toka mwanzo hadi mwisho. Utafutaji wa maandishi hujengwa kwa kusoma nyaraka zote mara moja, kuandika kila neno, na mbele ya neno kuweka orodha ya nyaraka lilimotokea.

Si ufundi mpya. Mwaka 1972 mtafiti Mwingereza Karen Spärck Jones alionyesha kuwa neno adimu lipewe uzito zaidi kuliko neno linalotokea kila mahali. Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: akiandika "kibali cha bidhaa ya choroko", neno "bidhaa" limo karibu katika kila waraka wa forodha na halitenganishi kitu, lakini "choroko" limo katika nyaraka chache, na hizo ndizo zije juu. Programu ya Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure, imejengwa juu ya misingi ya namna hiyo. MongoDB, moja ya hifadhidata za nyaraka zinazotumika sana duniani, iliingiza utafutaji wa maandishi katika toleo lake la 2.4 mwaka 2013.

Kwa hiyo chombo kipo, na sehemu kubwa ya vyombo hivyo haidai ada ya leseni. Tatizo ni kwamba vingi havikutengenezwa kwa lugha na biashara ya mpaka huu.

Kiswahili hakimo kwenye orodha

Programu za utafutaji hujaribu kuelewa kuwa maneno yenye shina moja ni ndugu. Kwa Kiingereza hukata mkia wa neno, kwa sababu Kiingereza huongeza viambishi mwishoni. Kiswahili hubadilika zaidi mbele. Kibali kimoja, vibali viwili. Zao moja, mazao mengi. Anayesafirisha, waliosafirisha, kilichosafirishwa, msafirishaji: kichwa cha neno hubadilika kila mara. Kanuni ya kukata mkia hapa haisaidii.

Katika orodha ya lugha ambazo utafutaji wa maandishi wa MongoDB unazitambua kwa ukataji huo, zimo Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kituruki na nyingine za Ulaya. Kiswahili hakimo. Fundi asipobadilisha chochote, programu huyachukua maandishi yote kuwa ni Kiingereza. Mfumo utawaka, utajibu maswali, na siku ya uzinduzi kila mtu atapiga makofi. Ila mfanyabiashara akiandika "kibali" hataona waraka uliotumia "vibali" pekee, na hatajua kuwa hakuuona. Atakwenda mpakani akiamini kuwa bidhaa yake haina sharti lolote.

Kosa hili ni baya kuliko kukosa mfumo kabisa. Asiye na mfumo huuliza. Aliyejibiwa "hakuna matokeo" na mashine ya serikali huacha kuuliza.

Njia za kulitatua zipo. Mojawapo ni kukata kila neno katika vipande vya herufi tatu. "Kibali" hutoa kib, iba, bal na ali. "Vibali" hutoa vib, iba, bal na ali. Vipande vitatu kati ya vinne vinalingana, na mashine inatambua udugu wao bila kujua sarufi. Hasara yake ni mbili. Faharasa huvimba, na kelele huingia, kwa sababu hata "mbali" lina bal na ali. Pia njia hiyo hushindwa kwa maneno kama "cheti" na "vyeti", ambayo yanashirikiana kipande kimoja tu cha eti. Hapo inahitajika kamusi: orodha iliyoandikwa na watu, inayosema kuwa cheti na vyeti ni kitu kimoja, na ushuru, kodi na tozo ni vitu vinavyokaribiana lakini havifanani.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wanaojua lugha na wanaojua biashara, wakae meza moja na fundi. Eneo hili lina vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili, na lina mabaraza ya lugha. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita.

Dagaa, omena, mukene

Ugumu hauishii kwenye sarufi. Samaki mdogo wa Ziwa Victoria huitwa dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene upande wa Uganda. Choroko za Tanzania ni ndengu za Kenya. Maharage yakivuka Namanga huwa maharagwe. Mchele ni "riz" katika nyaraka za Kifaransa za Bujumbura na Kinshasa, na ni "umuceri" katika Kinyarwanda. Muuzaji na mnunuzi huelewana sokoni kwa dakika moja, maana bidhaa iko mbele yao. Mashine haina bidhaa mbele yake. Ina herufi tu.

Upo pia upande wa pili wa shida hiyo. Kiingereza kina neno moja kwa kitu ambacho Mswahili hukigawa. Mpunga, mchele na chenga vyote huitwa kwa neno moja la Kiingereza, lakini katika mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa ni vitu tofauti: mpunga ni 1006.10, mchele uliokobolewa ni 1006.30 na chenga ni 1006.40. Mtu anayetafuta habari za chenga akiletewa nyaraka zote za mchele amesaidiwa nusu tu.

Namba hizo ndizo daraja la kuaminika zaidi kati ya lugha. Choroko na ndengu, kwa jina lolote, ziko chini ya 0713.31. Dagaa waliokaushwa, waitwe omena au mukene, huangukia kundi la 0305 la samaki waliokaushwa, waliotiwa chumvi au waliofukizwa moshi. Hifadhi nzuri ya nyaraka ingeweka namba hiyo kwenye kila waraka unaoihusu bidhaa, na kuunganisha na namba hiyo majina yote ya sokoni. Mama muuza samaki wa Kirumba aandike "dagaa", mnunuzi wake wa Kisumu aandike "omena", na wote wapate waraka uleule, hata kama umeandikwa kwa Kiingereza.

Hata hapo kuna mtego mdogo. Waraka mmoja huandika 1006.30.00 na mwingine 10063000. Programu moja huikata namba kila penye nukta, nyingine huichukua nzima. Mtu akiandika 1006.30 anaweza kukosa vyote viwili. Ni jambo la mstari mmoja katika mpangilio wa mfumo, lakini lazima awepo mtu wa kulifikiria kabla.

Barua ya jana na barua ya leo

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo kati ya serikali, zuio liliondolewa na masharti yakawekwa mahali pake: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haifikii sehemu 10 kwa bilioni, na kuwe na cheti cha uasili wa mahindi.

Barua hizo mbili zilitofautiana kwa siku zisizofika kumi, na maneno yake yalikuwa karibu yaleyale: mahindi, sumukuvu, Uganda, Tanzania, kuingiza. Mashine inayopanga matokeo kwa maneno peke yake haina sababu ya kuiweka ya pili juu ya ya kwanza. Huenda hata ikaanza na barua ya zuio, kwa kuwa ni fupi na maneno yanayotafutwa yamejaa humo. Mfanyabiashara aliyeisoma hiyo peke yake angegeuza lori, na mwenzake aliyesoma ya pili angeuza.

Hapa ndipo nyaraka za sheria zinapotofautiana na habari za kawaida. Umuhimu wa waraka hautokani na maneno yake tu, bali na hali yake: unatumika, umerekebishwa, au umefutwa. Hali hiyo haipatikani kwa kusoma waraka wenyewe. Waraka uliofutwa haujui kuwa umefutwa. Ofisa ndiye anayepaswa kuandika kwenye kifurushi chake kwamba tangazo fulani limechukua nafasi yake, na tangu lini. Bila nidhamu hiyo, kadiri utafutaji unavyokuwa hodari ndivyo unavyoleta haraka zaidi sheria iliyokufa.

Kuna na hatari ya kiufundi inayofanana na hiyo. Mifumo mingi huweka faharasa katika programu ya pembeni, mbali na hifadhi yenyewe. Waraka ukirekebishwa kwenye hifadhi, habari lazima ifike kwenye faharasa. Mawasiliano yakikatika usiku mmoja, hifadhi itakuwa na sheria mpya na faharasa itaendelea kuonyesha ya zamani, bila taa yoyote nyekundu kuwaka. Ndiyo maana ukurasa wa matokeo unapaswa kumwonyesha msomaji faharasa ilisasishwa lini kwa mara ya mwisho. Muuza dawa huandika tarehe ya mwisho ya matumizi. Anayetoa taarifa za ushuru hana sababu ya kufanya pungufu.

Karatasi iliyopigwa picha

Sehemu kubwa ya matangazo bado hutoka kwa njia ileile: waraka unachapwa kwa kompyuta, unatolewa karatasini, unatiwa saini na muhuri, kisha unapigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti. Kwa jicho la mtu, yale ni maandishi. Kwa mashine, ni picha tu, kama picha ya mlima. Hakuna neno hata moja la kuingizwa katika faharasa.

Zipo programu za kusoma herufi kutoka kwenye picha. Tesseract, iliyoanzishwa katika maabara za Hewlett-Packard na kutolewa kwa umma mwaka 2005, inasoma pia Kiswahili na haiuzwi. Lakini muhuri ukiangukia juu ya tarakimu, 10 husomeka 70, na jedwali la ushuru likipigwa picha upande huvurugika. Kwa waraka wa viwango, kosa la tarakimu moja ni hasara ya fedha taslimu.

Dawa ya kudumu haihitaji teknolojia yoyote. Ofisi inayotoa waraka tayari inayo nakala yake ya maandishi, ileile iliyochapwa kabla ya kutiwa saini. Kuiweka nakala hiyo kando ya picha yenye muhuri ni kazi ya dakika moja, nayo inaokoa miezi ya kusoma picha.

Lugha ya sheria na lugha ya soko

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya, kama ilivyoandikwa awali, ilitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kuingia kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 kumeongeza nchi ambayo serikali yake huandika kwa Kifaransa na soko lake la mashariki huongea Kiswahili.

Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara anayepeleka unga kutoka Kigoma hadi Uvira anavuka ziwa moja na lugha mbili za sheria, ingawa yeye na mnunuzi wake hawahitaji mkalimani. Utafutaji usiojua hilo utamjibu kwa lugha aliyoiuliza tu, na kumficha nusu ya masharti yake. Kutafsiri nyaraka zote ni kazi ya miaka. Kuunganisha maneno ya biashara ya lugha nne au tano ili waraka upatikane, hata kama itabidi mtu asaidiwe kuusoma, ni kazi inayowezekana mapema zaidi.

Nani atatafuta?

Pingamizi moja ni la haki. Wengi wa wanaovuka Busia au Mutukula na bidhaa za thamani ndogo hawana simu janja, au hawana bando, au hawana muda. Utaratibu wa biashara rahisi wa Jumuiya, unaoruhusu bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 kupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa kinachotolewa palepale mpakani, uliwekwa kwa ajili yao. Bado wapo wanaopita njia za panya kwa kuogopa ushuru ambao hawadaiwi. Je, hao watafaidika nini na faharasa?

Watafaidika kupitia watu wanaowauliza. Mfanyabiashara mdogo hatafuti nyaraka. Huuliza mwenyekiti wa chama, ofisa wa dawati la taarifa za biashara, au dereva aliyepita jana. Ubora wa jibu analopata hutegemea kile ambacho huyo aliyeulizwa anaweza kukipata. Leo mwenyekiti wa chama akibishana na ofisa kuhusu tozo fulani, mara nyingi hana karatasi mkononi. Akiweza kuandika maneno matatu kwenye simu na kuonyesha tangazo lenye namba na tarehe, ubishi unakuwa mfupi. Tozo isiyo na waraka huishi kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba waraka haupo. Utafutaji unaoaminika ndio unaompa mtu ujasiri wa kusema: nimetafuta, hakuna sheria hiyo.

Hilo pia linaeleza kwa nini si kila mtu atafurahi. Wapo mawakala wazuri wanaolipwa kwa kazi halisi ya kujaza nyaraka na kusimamia mzigo, na hao hawataathirika. Wapo pia wanaoishi kwa kuuza habari ambayo ingepaswa kuwa bure. Pale ambapo mradi wa namna hii unacheleweshwa bila sababu, si vibaya kuuliza ni nani anayenufaika na ukimya.

Cha kudai

Fedha si kikwazo kikubwa, lakini mkataba mbaya unaweza kuwa. Mwaka 2021 kampuni ya Elastic ilibadili masharti ya leseni ya programu yake maarufu ya utafutaji, na Amazon ikaanzisha tawi lake liitwalo OpenSearch. Waliokuwa wamejenga mifumo juu yake walilazimika kuchagua upande. Funzo kwa ofisi ya umma ni kwamba programu inaweza kubadilishwa, lakini nyaraka, orodha za majina ya bidhaa na kumbukumbu za nini kimefutwa lazima zibaki mali ya umma, katika muundo unaoweza kuhamishwa. Mzabuni akiondoka, asiondoke na daftari.

Vyama vya wafanyabiashara vinapoalikwa kutoa maoni kuhusu mfumo mpya wa taarifa, mara nyingi huulizwa kama kurasa zinapendeza. Yapo maswali bora. Je, ukiandika kibali unapata na vibali? Ukiandika ndengu unapata choroko? Waraka uliofutwa umewekwa alama? Tarehe ya kusasishwa inaonekana? Maandishi yamewekwa pamoja na picha yenye muhuri? Nyaraka za nchi jirani zimo, au kila serikali imejenga ghala lake na kufunga mlango?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Mtu yeyote anaweza kuyajaribu kwa simu ndani ya nusu saa, siku hiyohiyo ya uzinduzi, mbele ya waziri. Mfumo ukishindwa, urudi kwa fundi kabla haujasifiwa.

Jumuiya imejenga vituo vya pamoja vya mpakani ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili, na Himaya Moja ya Forodha ili ushuru ulipwe mahali pamoja. Barabara na majengo hayo yamegharimu fedha nyingi na yameokoa muda mwingi. Lakini lori linalosimama mara moja bado husimama siku tatu endapo mwenye mzigo na ofisa wanasoma nyaraka mbili tofauti. Julai 1 itafika tena na viwango vipya, na Gazeti jipya litatoka Arusha. Bei ya mchele Busia itategemea, kwa sehemu, ni watu wangapi watakaoweza kulipata tangazo hilo kwa kuandika neno moja: mchele.